Miraba Ishirini Ndani ya Ngitili

Mwezi uliopita nilialikwa Buswelu kwenye sendofu ya mjukuu wa Mama Shija, na kabla ya kutoka nyumbani nilisimama mbele ya kabati karibu saa nzima, nikijiuliza kama kitenge changu cha kijani ni kizito mno kwa sherehe ya mchana au chepesi mno kwa mwanamke aliyebakiza miaka michache astaafu. Nikavaa cha bluu. Nilipofika ukumbini, viti vimevikwa vitambaa vyeupe na muziki umefunguliwa mpaka maji yanatikisika kwenye chupa, nilionyeshwa meza ya mbele, na hapo nikamkuta Mzee Maduhu, fimbo katikati ya magoti, akiwaambia vijana wawili waliokaa naye kwamba katika pilau ile nyama ilipita kusalimia tu ikaondoka. Aliponiona hakusimama, maana magoti hayamruhusu tena, lakini aliinua fimbo juu. "Bibi Nyasi!" akaita, kwa sauti ileile ya kuitia ng'ombe. Vijana wakageuka kutazama ni nani anayeitwa hivyo. Nilicheka sana, mshereheshaji akakatisha maneno yake akisubiri nimalize, na jambo kama hilo kwa kawaida lingeniharibia wiki nzima. Siku ile halikuniharibia kitu. Nilikula pilau isiyo na nyama kwa furaha, na tangu jioni ile mwaka niliopewa jina hilo umekuwa ukinirudia vipande vipande, nikiwa jikoni, nikiwa ofisini, mpaka nimeona afadhali niuandike.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Waliotutangulia chuoni walikuwa wakimaliza mitihani wanapangiwa kazi. Sisi tulipomaliza tulikuta serikali inapunguza watu. Kila kitu kingine kilikuwa kimefunguliwa, maduka yamejaa, mitumba imetandazwa kila kona, wanunuzi wa pamba wapya wanapishana na magari yao barabara ya Shinyanga, isipokuwa mlango wa ajira. Kwa hiyo nilipopata mkataba wa mwaka mmoja na kamati ya mazingira ya wilaya, nilisoma barua yake mara nyingi sana nikitafuta mahali waliponiandikia kimakosa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la zamani la pamba. Ukifungua dirisha, manyoya meupe yaliyobaki kwenye nyufa za ukuta yaliingia na kutua juu ya makaratasi. Katibu wa kamati, Bwana Masatu, alikuwa Mjita mrefu, mtaratibu, aliyefunga tai hata siku za kwenda kuokota taka ufukweni. Alikuwa amebandika ukutani jedwali la kazi zetu zote: vitalu vya miti shuleni, matembezi ya wanafunzi kila Jumamosi, usafi wa fukwe, kuhesabu ndege wa majini. Kila mstari ulikuwa na alama za vema za wino wa kijani. Mstari wa mwisho haukuwa na alama hata moja. Ulisomeka: "Ngitili ya Isangilo kuandikishwa."

"Huo ndio wako," aliniambia siku ya kwanza. Akanieleza kwamba ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza, nyasi zikue bila kuguswa, kisha huyafungua kiangazi kikikaza, ng'ombe wapate cha kula wakati kwingine kumebaki vumbi. Kamati ilitaka ngitili hizo ziandikwe kwenye daftari la wilaya zisije zikakatwa viwanja, kwa kuwa mji ulikuwa umeanza kusogea. Wanaisangilo walikuwa wamekataa mara mbili kabla yangu. "Wafadhili watakuja mwezi wa saba kutazama. Wakikuta Isangilo imeandikwa, una mwaka mwingine. Wakikuta haijaandikwa..." Akapuliza nyoya la pamba lililotua kwenye tai yake. "Sipendi kumdanganya mtu, binti."

Nilipanga chumba Nyakato, karibu na kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, na harufu yake ya mashudu ya moto iliingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Upande wa pili wa ukuta aliishi mwanamume aliyekuwa amepunguzwa kazi kiwandani na sasa anauza mashati ya mitumba, pamoja na mke wake aliyekuwa hampi nafasi. Ukuta ulikuwa wa tofali moja, kwa hiyo niliishi nao. "Leo umeuza mangapi?" "Watu wanashika wanaacha." "Wanashika wanaacha kwa sababu unawahutubia. Umefungua biashara au umefungua mkutano?" Kisha wote wawili wanacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na daftari, naandika maswali ambayo Wanaisangilo wangeweza kuniuliza na majibu ambayo ningeweza kuwapa, na yale ambayo wangeweza kuyajibu hayo majibu yangu. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Nikitumwa kununua chumvi nilifikiria kwanza kama duka limefungwa nitasema nini.

Jumamosi ndizo zilizoniokoa na kichwa changu. Tulikuwa tukiwachukua wanafunzi wa shule za msingi, safari hii Nyakato, safari ijayo Buhongwa, tunapanda nao kwenye majabali kuwatazama pimbi. Unawaambia watoto wakae kimya, na wanakaa, jambo ambalo walimu wao hawakuamini mpaka walipokuja kuona wenyewe. Pimbi wanatoka mmoja mmoja kwenye nyufa, wanajianika juani kama wazee wa pensheni, na nyuma yao ziwa limetanda mpaka macho yanachoka. Mijusi wa kule wana vichwa vyekundu na hutikisa shingo juu na chini bila kukoma. Msichana mmoja wa darasa la tano alimtazama mjusi muda mrefu akasema, "Huyu anakubali kila kitu kama diwani," na mwalimu wao akageuka pembeni kuficha kicheko. Nilirudi kutoka matembezi yale nimeungua jua na nina njaa, na kwa muda wa kama sahani moja ya ugali na sato nilikuwa sifikirii chochote.

Isangilo ilikuwa nyuma ya Buswelu, mwendo wa baiskeli kwenye njia ya mchanga. Nilikwenda huko kila Jumatatu, nikarudi Alhamisi, na siku hizo nililala kwa Mama Shija, mwanamke mnene mwenye meno mazuri ambaye mume wake alikuwa Geita akitafuta dhahabu tangu mwaka uliotangulia. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la pembeni, na ndani ya chumba changu kulikuwa na kitanda, gunia la michembe na kuku aliyekuwa akiatamia chini ya kitanda. Asubuhi tulikula hiyo michembe, viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, imepikwa na karanga za kusaga. Mchana ugali wa mtama na mlenda. Na maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu, ambayo mimi Mhaya, mtu wa ng'ambo ya ziwa, niliyaogopa wiki mbili za kwanza na kuyaota wiki zilizofuata. Asubuhi moja nikiwa bado nimelala niliwasikia wanawake jikoni wakinizungumzia. "Huyu msomi wako anaongea usingizini," alisema jirani. "Anaongea nini?" "Anahesabu." Mama Shija akafikiri kidogo. "Basi aendelee," akasema. "Wengine huku usingizini wanataja majina ya wanaume."

Maduhu wakati huo alikuwa na nguvu zake zote, na ndiye aliyeongoza dagashida, mkutano wa watu wote unaoamua mambo ya mila: wizi wa ng'ombe, ugomvi wa mipaka, kufunga na kufungua ngitili. Alikuwa na baiskeli yenye kengele mbili na koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu, ambalo nadhani lilikuwa la mpiga tarumbeta wa mahali fulani Ulaya. Nilikwenda kwake na daftari la wilaya mara tatu kabla ya Krismasi. Kila mara alinikaribisha vizuri sana. "Mwangaluka, mayu," ananiamkia kwa Kisukuma, akiniita mama, naye ananichekea ninavyojibu. Ananipa kigoda na maziwa. Kisha ananikatalia. "Kitu kikiandikwa kwenye daftari la serikali, kesho yake anatokea mwenye daftari," alisema. "Leo ngitili haimo kwenye daftari lolote, na haijapotea hata siku moja." Nilikuwa nimeandaa majibu kumi na moja kwa hoja hiyo. Mbele ya kigoda chake sikukumbuka hata moja.

Mvua zilipoanza, Mama Shija aliniambia tu, akipepeta mtama, "Ngitili imefungwa." Nikaandika kwenye daftari langu: imefungwa. Nilielewa kwamba imefungwa kwa ng'ombe. Mimi sikuwa na ng'ombe.

Ikafika mwezi wa tano, nyasi zimefika kifuani, na mwezi wa saba unanitazama. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo niliona ni la kisomi na la ushindi. Nikiweza kuonyesha kwa vipimo ngitili ile ina nyasi kiasi gani, nani atathubutu kuikata viwanja, na Maduhu atakataa vipi kuandikisha utajiri wenye ushahidi? Nilimwendea fundi seremala wa Nyakato akanitengenezea fremu ya mbao, mita moja kwa mita moja. Chuoni tulifundishwa kwamba ukichagua mahali pa kupima kwa macho yako utajipendelea, kwa hiyo nilipanga mahali pote ishirini kwa namba za bahati nasibu, nikiwa nimekaa kitandani, majirani wakigombana kuhusu kola za mashati. Nilikwenda kwa afisa mtendaji wa kijiji, akaniandikia barua ya ruhusa na kuigonga mhuri bila kuinua kichwa. Nilifikiria nyoka. Nilifikiria mvua. Nilifikiria mizani ya kupimia ikikosea. Sidhani kama kuna kazi niliyowahi kuifikiria kwa pande nyingi kuliko ile.

Na nikiri kwamba zilikuwa siku mbili za raha. Nilikuwa peke yangu ndani ya nyasi, ndege wadogo wekundu wanaruka kutoka kwenye mashina, na kila nilipofika kwenye mgongo wa kilima niliona ziwa upande wa magharibi, mstari mwembamba unaometa. Naweka fremu chini, nakata kwa mundu mpaka udongo unaonekana, nafunga nyasi, naandika namba, nakwenda mbele. Nilikata miraba ishirini, imenyooka vizuri kabisa. Niliporudi nyumbani nimebeba mizigo ya nyasi kwenye baiskeli, nikiimba, watu wawili niliowasalimia njiani hawakuitikia. Hilo nalo nililifikiria, nikaamua kwamba labda niliimba vibaya.

Kesho yake Mama Shija alinimiminia uji bila kusema kitu, na Mama Shija hakuwahi kumimina uji bila kusema kitu. "Mama, kuna nini?" "Unaitwa mwambani." "Naitwa na nani?" "Na watu," akasema. Kisha akanitazama vizuri, kama mtu anayempima mtoto nguo mpya. "Vaa viatu vya kufunga. Utasimama muda mrefu."

Mwamba wa Isangilo, mahali dagashida inapokaa, ni bapa kama sakafu, na wanaume walikuwa wamejaa juu yake, wanawake wamekaa ukingoni. Niliwaamkia, wachache wakaitikia. Maduhu alikuwa na lile koti la vifungo, na hakunipa kigoda. "Mayu, nani alikata ngitili?" "Ni mimi, mzee. Shikamoo." "Marahaba. Nani alikuruhusu?" Nikatoa barua kwa mikono miwili. Aliisoma yote, akaugeuza mhuri juani, akampa aliyekuwa jirani yake. "Huu ni mhuri wa kijiji," akasema. "Nyasi si za kijiji. Ni za ng'ombe wa kiangazi. Na ngitili ikifungwa, imefungwa kwa kwato, kwa mundu na kwa kiberiti. Huko kwenu ukifunga mlango unawafungia watu wenye viatu tu?" Mzee mmoja nyuma akanyanyua mkono. "Mimi nataka kujua kwa nini miraba. Mwizi wa majani anakata mahali pamoja anakimbia. Huyu amekata hapa, amekata kule, imenyooka, ina pembe nne. Wale wapima viwanja wa Buswelu walianza hivyohivyo." Mwamba mzima ukanguruma.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilihisi miguu yangu ikitaka kuondoka bila mimi. Kwao hazikuwa nyasi nilizochukua. Ilikuwa alama niliyoweka. Kwa kuwaonyesha kwamba ngitili yao inafaa kulindwa nilikuwa nimewaonyesha, kwa pembe nne mara ishirini, jinsi itakavyouzwa. Nikaanza kueleza: fremu, mizani, namba za bahati nasibu. Maduhu alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulikata nyasi ili uje utuambie kwamba kuna nyasi." "Ndiyo, mzee." "Ungetuuliza?" Akageukia watu. "Kuna nyasi?" "Zipo!" wakajibu wote, na kicheko kikapita juu ya mwamba kama upepo. Nilikuwa na hotuba tatu kichwani. Ya kwanza ilikuwa ya kujitetea, ya pili ya kisheria, ya tatu ya kulia. Kilichotoka kinywani kilikuwa neno moja: "Nimekosa."

Wakajadiliana kwa Kisukuma, nikashika mawili matatu. Adhabu ya mila kwa mtu aliyekata ngitili ni kuulisha mkutano mbuzi. Mama Shija akasema kutoka ukingoni kwamba msomi huyu hana hata mbuzi wa kuchora. Hapo Maduhu akainua mkono. "Nimesikia Wahaya hupika ndizi mbichi wakala na kushiba. Atupikie chakula cha kwao. Tukishindwa kukila, atapika tena mpaka tuweze."

Adhabu yenyewe haikunitisha. Kilichonitisha ni Bwana Masatu. Mtaalamu wa kamati aliyehukumiwa na wale aliotumwa kuwashawishi, miezi miwili kabla ya wageni kufika: nilijua hilo lingesomeka vipi. Katika taarifa ya mwezi niliandika, "Sampuli za nyasi zimekusanywa kwa ushirikiano wa wananchi," nikaipeleka nikiwa natazama viatu vyangu.

Jumatano iliyofuata nilitoka soko la Mwaloni na mikungu minne ya ndizi iliyokuwa imevuka ziwa usiku huo, nikabebwa na gari la mnunuzi wa pamba aliyedhani nina harusi. Kwa Mama Shija wanawake walikuwa wamekwisha kukaa na visu. Niliwafundisha kumenya ndizi mbichi, na utomvu ulipowaganda mikononi kukawa na kelele. "Mnapika gundi huko kwenu?" "Ndiyo sababu Wahaya hawaachani," akasema Mama Shija, "wamegandana." Tulipika kwenye masufuria mawili ya msiba, ndizi na maharage, tukaweka nyanya, vitunguu na sato wa kukaushwa, tukafunika na majani ya mgomba niliyokuja nayo. Mwambani wanaume walinawa kwa huzuni. Maduhu alichukua tonge la kwanza, na watu wote wakatazama taya zake. "Hiki chakula kinakwenda chenyewe," akasema mwishowe. "Meno yamekaa tu, hayana kazi." Akala. Akaomba tena. Yule mzee wa miraba akauliza kama sheria inaruhusu kusema wameshindwa ili apike mara ya pili, na ndipo mtu akasema, "Bibi Nyasi, niongezee maharage," na jina likabaki.

Kuanzia siku ile kuna kitu kilibadilika ambacho sikukielewa, nikakifikiria kwa wiki nyingi. Watu walianza kunigombeza. Nikipita na baiskeli mahali pasipofaa, nilipigiwa kelele. Nikitaja nyasi kwa jina la kitabuni, mtoto wa mtu ananisahihisha mbele ya watu. Kulipotokea msiba, Mama Shija hakuniuliza kama nitakwenda. Alinitupia kanga tu. Niliona kwamba wamepoteza heshima kwangu, na kwamba mwaka wangu umekwisha.

Mwezi wa saba wageni wakaja: Bwana Masatu na tai yake, na mama mmoja kutoka Dar aliyetumwa na wafadhili, mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo, anayeandika kila kitu. Gari liliachwa kwa Mama Shija, tukapanda mwambani kwa miguu. Yule mama aliwaamkia watu, akakaa, akauliza swali la moja kwa moja. "Huyu mtaalamu wetu, amewasaidia nini?" Maduhu akasimama na kufunga vifungo vyote vya koti. "Huyu alikata ngitili yetu ikiwa imefungwa," akasema. "Mahali ishirini. Tukamtoza."

Nakumbuka sauti ya kalamu ikisimama. Bwana Masatu alinigeukia pole pole. "Binti, hili halimo kwenye taarifa." Nilisimama. Kwa mara ya kwanza mwaka ule hapakuwa na majibu mengi ya kuchagua. "Halimo," nikasema. "Niliogopa. Nilikata bila kuuliza wenyewe, wakanihukumu, na walikuwa na haki. Taarifa niliiandika kwa uongo." Nikakaa, na nikajisikia mwepesi ajabu, kama mtu aliyekwisha kufukuzwa na sasa anasubiri tu karatasi.

"Na mnasemaje," yule mama alimwuliza Maduhu, "tumwondoe?" Maduhu alishangaa kweli. "Kwa nini? Si tumeshamtoza." Kisha akaona kwamba wageni hawakuelewa, akawaeleza kwa upole, kama anavyowaeleza watoto. "Mama, hapa wamepita wataalamu wengi. Mmoja alipanda miti ikafa. Mwingine alikuja kuchimba kisima, akachimba shimo. Hatukumtoza hata mmoja. Mgeni akikosea, unampa maziwa, unamsindikiza, unashukuru ameondoka. Unamtoza mtu ambaye kesho utamwona tena. Huyu alipika, tukala, yameisha. Huyu ni wa hapa."

Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

"Kama ni wa hapa," akasema Bwana Masatu, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, "mbona daftari lake hamlitaki?" "Daftari lake si baya. Ubaya wake ni kwamba linatufunga sisi tu," Maduhu akajibu. "Tukiandika kwamba ngitili isikatwe, sisi tukikata mtatupeleka mahakamani. Nyinyi mkikata mtaandika barua. Huyu alitufunza kitu: kumbe hata ofisi inaweza kutozwa. Andika hapo kwamba yeyote wa kamati yenu atakayeweka mundu au mambo ya viwanja ndani ya ngitili atasimama hapa mwambani kama mtu mwingine. Andika, tutatia vidole leo." Bwana Masatu akakohoa. "Mzee, ofisi haiwezi kutozwa na mkutano." "Basi ofisi isikate nyasi," akasema yule mzee wa miraba, na mwamba ukacheka. Mama wa miwani hakucheka. Alimtazama Bwana Masatu, kisha akamsogezea kalamu yake. Nilimwona Bwana Masatu akihangaika, alikuwa mtu mwema, na maisha yake yote alikuwa ameandika mambo ambayo wengine wanapaswa kuyafanya. Mwishowe alilegeza tai, akaweka daftari juu ya goti, akauandika ule mstari kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa, akausoma kwa sauti. Maduhu alidai usomwe tena kwa Kisukuma. Kisha wakaja, mmoja mmoja, na mimi ndiye niliyeshika kidau cha wino, na hakuna kidole kilichonipita bila kunipaka makusudi. Wakati tunashuka nilikuwa na wino mpaka kwenye shingo.

Tulikula michembe kwa Mama Shija, wageni wakaingia garini. Bwana Masatu aliteremsha kioo akaniambia maneno mawili tu, "Njoo Jumatatu," na gari likaondoka. Msomaji anaweza kukisia nilivyoishi mpaka Jumatatu. Kama alikuwa na habari njema, kwa nini hakusema? Kama ni mbaya, kwa nini angoje wiki iishe? Majirani zangu wa Nyakato walinigongea ukuta. "Dada, unatembea sana humo ndani, kuna panya?"

Jumatatu alikuwa amekaa mezani, manyoya ya pamba yamemtua mabegani. Hakuzungumzia taarifa yangu ila mara moja: alinirudishia, akaniambia niiandike upya yote, na ile siku ya mwambani iwe ukurasa wa kwanza. Kisha akanisukumia barua ya mkataba wa mwaka mwingine, na chini yake karatasi yenye majina ya vijiji saba vilivyokuwa vimekataa daftari kama Isangilo. Nilitia sahihi kabla sijaisoma. Nadhani ni karatasi pekee maishani niliyoitendea hivyo, na sijaijutia. Maduhu aliniambia pale ukumbini kwamba nusu ya ngitili siku hizi ni nyumba, ukumbi wenyewe ukiwemo, lakini ile nusu ya kilimani bado hufungwa kila mvua zikianza, na daftari lipo.

Kijiji cha kwanza kati ya vile saba kilikuwa kandokando ya ziwa, nyumba chache na mitego ya samaki imeanikwa. Nilifika na baiskeli yangu kabla jua halijawa kali, nimeandaa usiku kucha mambo ya kusema kuhusu nyasi, udongo na maji. Mwanamke mmoja alikuwa akitwanga muhogo mbele ya nyumba. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaegemeza baiskeli, na badala ya kufungua mkoba nikamwuliza, "Mama, hapa kwenu mtu akikosea, anatozwa na nani?"

Aliusimamisha mchi ndani ya kinu, akanitazama kuanzia viatu. "Wewe umefanya nini?" akauliza.

"Bado," nikasema. "Ndiyo kwanza nafika."

Akacheka mpaka akaushika mchi kwa mikono miwili, kisha akapaza sauti kuelekea nyumba ya pili, akaita watu waje.